Waliopewa Funguo za Duka

Kisa cha maduka ya Zaire, yaani Congo ya leo, husimuliwa kwa ufupi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu Sese Seko alitangaza mbele ya Baraza la Kutunga Sheria mjini Kinshasa kwamba biashara, mashamba na shughuli ndogo na za kati za wageni zitakuwa mali ya Wazaire. Haikupita miezi mingi maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani yakapata wenyewe wapya. Haikupita mingine mingi rafu zikawa tupu. Mwisho wa 1975 Mobutu yuleyule akaanza kuwaita wenye mali wa zamani warudi. Wasimulizi hugombana juu ya jambo moja tu, nalo ni lawama. Kuna wanaomtwika Mobutu na wapambe wake waliogawana maduka kama nyara, na kuna wanaosema, wengine waziwazi na wengine kwa mafumbo, kwamba mwananchi hakuwa tayari kufanya biashara. Ukikitazama kisa hiki ukiwa Kinshasa, jibu lolote kati ya hayo linaweza kukuridhisha. Ukikitazama kutoka Kampene, mji wa machimbo katika wilaya ya Pangi, mkoa wa Maniema, kusini mashariki ya Kindu, yote mawili yanapwaya. Maniema ilikuwa imekwisha kunyang'anywa biashara yake mara moja kabla ya hapo, miaka 80 nyuma, na wanyang'anyi wa mara ile hawakurudisha kitu wala rafu zao hazikukauka. Swali la kuuliza basi ni kwa nini unyakuzi wa kwanza ulisimama na wa pili ukaanguka.

Tuanze na ule wa kwanza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bidhaa zilizoingia Maniema zilitoka Zanzibar. Zilipita Bagamoyo, Tabora na Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika, zikafika Kasongo na Nyangwe mabegani mwa wapagazi. Safari ilichukua miezi, na fedha iliyotumika kununua vitambaa, shanga na bunduki pale pwani ilisubiri miaka kabla ya kurudi kwa sura ya pembe za ndovu. Hakuna mfanyabiashara wa bara aliyeweza kusubiri hivyo kwa mfuko wake mwenyewe. Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisafiri kwa mali kauli. Alichukua bidhaa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, akalipa kwa pembe baadaye. Sifa zake za vita na siasa zimeandikwa sana, lakini kilichomweka juu ya wenzake ni kwamba tajiri alimwamini. Chini yake walikuwapo wengine waliochukua kwake, na chini ya hao wengine tena, hadi kwenye kambi ndogo ndani ya msitu wa Warega ambako kilo chache za chumvi na mikono michache ya kitambaa vilibadilishwa kwa pembe moja. Ulikuwa mtandao wa maduka ingawa haukuwa na vibao vya majina, na kila kituo kilikuwa na deni kwa kituo kilichokuwa mashariki yake.

Mtandao huo ulikuwa na neema yake, kwa wale waliokuwa juu. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la Dola Huru ya Congo mwaka 1893, aliandika kwa mshangao juu ya vitu walivyovikuta: mishumaa, sukari, viberiti, glasi na vyombo vya fedha, vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri. Kumbuka kwamba mahali hapo palikuwa mwendo wa miezi kutoka bandari yoyote. Kumbuka vilevile kwamba neema hiyo ilisimama juu ya utumwa na uporaji, na kwamba Mrega wa kawaida aliuonja mtandao huo kwa bunduki kabla ya kuuonja kwa sukari. Simwoni mtu anayeweza kuutamani. Ninachosema ni kwamba ulifanya kazi, na kwamba ulifanya kazi kwa sababu bidhaa ilitangulia na malipo yakafuata.

Dola ya Mfalme Leopold iliukata kwa hatua mbili, na hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Ya kwanza ilikuwa vita. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, na kufikia 1894 nguvu ya Waarabu na Waungwana walioendesha mtandao huo katika Maniema ilikuwa imevunjwa. Vita pekee vingewapa washindi maghala tu, nayo yangekwisha kuliwa katika msimu mmoja. Hatua ya pili ilikuwa kuigeuza njia. Tangu amri ya Septemba 1891 Dola ilikuwa imeanza kujitwalia pembe na mpira katika baadhi ya sehemu za nchi. Baada ya vita pembe iliyokuwa ikienda mashariki ikateremshwa magharibi kwa mto, kuelekea Boma na Antwerp. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya CFL, ikajenga vipande vya reli palipokuwa na maporomoko, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza meli za mtoni zilikuwa zikipokezana na treni pale Kindu, njia ikiendelea kusini hadi Kongolo. Yaani waliochukua duka walichukua pia barabara inayoliletea bidhaa, mnunuzi wa ng'ambo, na benki nyuma ya mnunuzi. Mkopo wa Zanzibar ulikufa kwa sababu ulibadilishwa na mkopo wa Brussels. Kwamba mabadiliko hayo yaligharimu maisha ya watu wengi mno, kwa mpira na kwa kazi za shuruti, ni jambo lisilopingika. Hata hivyo ukatili peke yake haujazi rafu, na miaka 80 baadaye serikali nyingine yenye mkono mzito ingelithibitisha hilo.

Katika miaka ya 1930 Maniema ikawa nchi ya kasiteriti na dhahabu. Kampuni ya madini ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932 ikakita Kalima na Punia. Cobelmin nayo ilifanya kazi upande huo wa mashariki, na Kampene ikakua kama mji wa machimbo. Mfanyakazi wa mgodi alilishwa na kampuni. Poso yake ya wiki ilikuwa mchele, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu, na mchele huo ulilimwa na majirani zake chini ya mfumo wa kilimo cha lazima uliokuwapo tangu 1917. Pembeni ya poso kulikuwa na kantini ya kampuni, na pembeni ya kantini yalisimama maduka ya wageni. Inafaa tusimame kidogo mbele ya duka la namna hiyo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Lilikuwa na sabuni ya mche, chumvi, sardini, vitenge, majembe, taa za mafuta na betri. Gari lililoleta vitu hivyo halikurudi tupu. Lilipakia mpunga na mawese ya wanakijiji walionunuliwa mavuno yao na mwenye duka huyohuyo, mara nyingi kwa bei aliyoipanga yeye. Bidhaa alikuwa amezichukua kwa mfanyabiashara wa jumla bila kulipa, akapewa miezi kadhaa. Mfanyabiashara wa jumla naye alikuwa amezichukua kwa wakala wa ng'ambo kwa hati ya benki. Mpunga ulipofika mjini na kuuzwa, deni lilishuka na lori jingine likapakiwa. Ukimwondoa mwenye duka na kuacha vyote alivyoshika mkononi, umeondoa jina linaloaminika kwa wakala.

Mkongo hakuruhusiwa kuwa na jina kama hilo. Hadi miaka ya 1950 hakuweza kumiliki kiwanja cha mjini kwa hati ya mtu binafsi, na asiye na hati hana cha kuweka rehani. Aliweza kuwa karani wa duka, mpima mchele, dereva, au mchuuzi mdogo aliyenunua kwa fedha taslimu kwa mgeni na kwenda kuuza kijijini. Hii ndiyo dhuluma halisi iliyokuwa ndani ya biashara ya koloni, na ilidumu baada ya uhuru wa 1960 bila kuguswa. Fujo za mwanzo, pamoja na waasi wa Simba walioitwaa Kindu mwezi Julai 1964, ziliwafukuza wageni wengi kwa muda, lakini waliorudi walirudi na jina lao. Mobutu alipolalamika mwaka 1973 kwamba Wazaire ni wageni katika biashara ya nchi yao, alikuwa anasema kweli. Sheria ya Januari mwaka huohuo ilikuwa tayari imelitenga duka dogo kwa wananchi. Kosa lilikuwa katika dawa.

Kilichogawiwa baada ya Novemba 1973 kilikuwa kile kinachoweza kuandikwa kwenye orodha: jengo, bidhaa zilizomo, gari, ghala, funguo. Wapokezi, acquéreurs kama walivyoitwa nchi nzima, walitakiwa kuwalipa wenye mali wa zamani kidogo kidogo kwa muda wa miaka kumi. Wakubwa wa chama cha MPR na serikali walipata minofu. Mobutu mwenyewe alikusanya mashamba mengi yaliyowekwa chini ya kampuni iitwayo CELZA. Michael Schatzberg, aliyefanya utafiti Lisala katika miaka hiyo, alionyesha jinsi vyeo vya serikali na umiliki wa maduka vilivyoingiliana. Lakini tazama lililotokea kwenye kaunta. Mwenye duka mpya aliuza bidhaa alizozikuta. Watu walinunua, fedha zikaingia, na kwa wiki kadhaa ilionekana neema. Kisha akaenda kuchukua nyingine. Wakala alimtaka fedha taslimu, maana hakumjua, na aliyekuwa akimjua alikuwa ameshapanda ndege. Fedha za mauzo zilikuwa zimekwisha kutumika, au zilikuwa hazitoshi kulipia hata nusu ya lori. Mwaka 1974 bei ya shaba nayo ikaporomoka, fedha za kigeni zikaadimika, na hata mwenye taslimu alikosa cha kununua. Vijijini pigo lilikuwa maradufu, kwa kuwa duka lililofungwa lilikuwa pia mnunuzi wa mpunga. Mkulima aliyekosa chumvi alikosa vilevile mahali pa kupeleka mavuno ambayo yangempatia fedha za kununulia chumvi.

Mtu atasema: huo wote ni uchu wa wapambe, wangepewa watu waadilifu mambo yangekwenda. Pingamizi hili lina nguvu na lazima lijibiwe kwa mfano wa nchi ambayo viongozi wake hawakuwa na sifa ya uporaji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilitaifisha makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa, Smith Mackenzie na Dalgety yakiwa miongoni mwao, na kuyaweka chini ya shirika la taifa la biashara, STC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Operesheni ilisitishwa upesi, maana ya ushirika hayakuwa tayari na vijiji vilibaki bila chumvi wala sabuni. Siwezi kuutupa uhaba wote wa Tanzania wa miaka iliyofuata juu ya maduka. Kulikuwa na bei ya mafuta, ukame, na vita na Idi Amin. Lakini Operesheni Maduka ilikwama kabla ya vita hivyo, na ilikwama mahali palepale ilipokwama ya Mobutu: mlango ulipata mwenyewe mpya huku njia ya bidhaa ikiwa haijapata. Viongozi wa Dar es Salaam angalau waliona mapema kwamba duka la rejareja haliwezi kutwaliwa bila muagizaji, ndiyo sababu walianza na muagizaji. Tatizo ni kwamba STC ililigeuza duka kuwa ofisi inayosubiri mgao, na mgao haujui lori la Sumbawanga linarudi na nini.

Pingamizi la pili ni lile la kusema mwananchi hakuwa na uwezo. Hili nalijibu kwa haraka, kwa sababu ushahidi uko wazi. Janet MacGaffey alipochunguza wafanyabiashara wa Kisangani mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwakuta Wazaire, Wanande wengi na wanawake wakiwemo, waliojenga biashara kubwa bila kupewa kitu na serikali. Wanande wa Butembo na Beni walianza na mboga na kahawa, wakapanda hadi malori na maghala, na baadaye hadi Dubai na China. Walipokosa benki walikopeshana wao kwa wao, kwa dhamana ya ukoo, kanisa na sifa ya mtu. Walichokijenga kinafanana na mali kauli ya Zanzibar kuliko kinavyofanana na orodha za 1973. Kwa upande mwingine, ujuzi wa vizazi haumwokoi mtu aliyepoteza mkopo. Nakumatt, kampuni ya maduka ya Kenya iliyoanza kama duka la magodoro huko Nakuru, ilikuwa mikononi mwa familia yenye uzoefu wote wa biashara, ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilinunua hata maduka ya Shoprite ya Tanzania. Mwaka 2017 ilianguka kwa namna ambayo mtu wa Maniema wa 1974 angeitambua mara moja. Haikuwalipa walioiletea bidhaa, nao wakaacha kuleta, na madeni yakahesabiwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Naivas, kampuni nyingine ya maduka, iliponunua matawi sita yaliyobaki kwa shilingi milioni 422 haikuhitaji kurithi imani ya wauzaji wa Nakumatt, maana ilikuwa na ya kwake, na rafu zilijaa tena. Acquéreurs hawakuwa na hiyo, na ndiyo tofauti ninayoitafuta tangu mwanzo.

Tukirudi Zaire, urejeshaji wa maduka ulianza Novemba 1975 kwa sehemu ya 40 kwa mia ya umiliki, sehemu iliyopanda Septemba 1976, mgeni akitakiwa kupata mshirika Mzaire. Baadhi walirudi. Wengi hawakurudi, hasa katika miji ya ndani, na Kampene iko ndani kweli. Mwaka huohuo wa 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI, ikaendelea na kantini na poso kadiri ilivyoweza, hadi soko la bati la dunia lilipoanguka Oktoba 1985. Baada ya hapo kampuni ilikuwa inakufa polepole. Jambo lililoamua sura ya biashara ya mji lilikuwa limeshatokea Novemba 1982, serikali iliporuhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi. Tangu hapo mwenye duka amekuwa mnunuzi wa madini kama alivyokuwa zamani mnunuzi wa mpunga. Katika machimbo ya mashariki ya Congo utaona mizani midogo imekaa karibu na sukari na betri, na vijiti vya kiberiti au sarafu kuukuu vikitumika kama mawe ya kupimia. Mchimbaji anachukua mchele, mafuta, tochi na koleo kabla hajaona punje. Jina lake linaandikwa kwenye kaye, daftari la madeni. Atalipa kwa dhahabu au kasiteriti, kwa kipimo na bei ya yule aliyemkopesha. Bidhaa zenyewe zinafika kutoka Bukavu na Goma kwa ndege hadi Kindu, au kwa reli kutoka kusini ambayo treni yake ya kwanza baada ya vita ilifika Kindu mwaka 2004, kisha zinasukumwa kwa pikipiki na baiskeli katika barabara zinazozama wakati wa mvua.

Deni linapanda njia hiyohiyo: kutoka kwa mchimbaji hadi duka, kutoka duka hadi tajiri wa mjini, na kutoka kwake hadi mnunuzi wa nje. Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mwezi Septemba 2010, hakugusa duka hata moja. Alikata malipo, na kwa kuwa malipo ndiyo yaliyokuwa yanavuta bidhaa, biashara ya miji ya machimbo ikadorora hadi marufuku ilipoondolewa Machi 2011. Sioni ushahidi mzuri zaidi wa hoja hii, tena uliotolewa na serikali bila kukusudia. Ambacho serikali haijakiacha ni ile tabia ya 1973 ya kutazama mlango. Amri ya Agosti 1990 juu ya biashara ndogo bado inaihifadhi kwa wananchi, na kila baada ya muda hutolewa onyo dhidi ya Wachina, Wahindi na Walebanoni wanaouza rejareja, maduka yao hufungwa siku chache, kisha hufunguliwa. Afisa anayekuja kukagua huomba kibali na kitambulisho cha anayesimama nyuma ya kaunta. Kaye ya madeni hubaki chini ya meza.